Sirkal Ikichagua Mji, Mji Unapata Nini? Story ya Wajir, Garissa na Miji ya Kuongoza Wengine

Kuna binamu yangu anaendesha tuktuk Wajir mjini. Siku ile ilitangazwa ati Madaraka Day ya 2026 inakuja Wajir, alinitumia voisi noti ya sekunde nne. Alisema tu hivi: "Boss, sasa na sisi tumeingia Kenya."

Kama hujakulia huku, hiyo joke inaeza kukupita. Wajir mtu akipanda basi ya Nairobi, wazee wanamuuliza, "Unaenda Kenya?" Akirudi anaulizwa, "Kenya kukoje?" Tunacheka, lakini ile kicheko iko na historia ndani yake. Na hiyo historia ndiyo nataka tubonge leo, juu saa hii kila mtu anaongea vile Wajir inapanda daraja, Garissa inataka kuwa city, na ati miji yetu itavuta kanda yote kutoka kwa msoto.

Disclaimer mapema: mimi si profesa. College niliacha semesta ya tatu, fees ikanikataa. Lakini kusoma sijaacha, na hii kitu nimeisoma. Swali ni moja tu: sirkal ikisema "huu mji ndio utaongoza wengine," hiyo kauli inafanya nini mtaani? Inaleta kazi, ama inaleta bango?

Mji wa mihuri

Turudi nyuma kidogo. Wazungu walifungia hii kanda yote. Kuanzia 1926, Northern Frontier District ilikuwa wilaya iliyofungwa. Kuingia ama kutoka ilikuwa mpaka uwe na kibali. Miji yao huku haikuwa miji ya biashara, ilikuwa kambi. Wajir ilichaguliwa juu ya visima vyake. Penye kuna maji ngamia wanakuja, na penye ngamia wako, askari anaeza kuwahesabu.

Na maofisa walikuwa na utani wao. Walianzisha klabu Wajir wakaiita Royal Wajir Yacht Club. Klabu ya mashua, jangwani, mamia ya kilomita kutoka baharini! Shika hiyo picha, nitairudia.

Uhuru ikaja 1963, North Eastern ikawa mkoa, makao makuu yakawa Garissa. Hapo ndipo Garissa ilipata cheo. Ilipata ofisi za mkoa, hospitali kubwa ya mkoa, na iko kwa daraja la Mto Tana, kwa hivyo kila lori ya kwenda juu inapitia pale. Soko lake la mifugo limekuwa kati ya makubwa zaidi Afrika Mashariki.

Lakini sikiza hii. Wakati Garissa inapewa cheo, kanda yote ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Vita vya shifta viliisha 1967, lakini zile sheria zilikaa mpaka 1991. Huko katikati, Februari 1984, ikatokea Wagalla, kilomita chache tu kutoka Wajir mjini. Wazee wetu hawahitaji kusomewa hiyo story na mtu. Point yangu ni kwamba cheo cha Garissa kilikuwa cha utawala. Kazi ya mji ilikuwa kuangalia watu. Kukuza watu haikuwa kwa list. Ukitoka Wajir ulienda Garissa kugongewa muhuri, unapanga laini, unarudi nyumbani zaidi ya kilomita 300.

Hiyo ndiyo aina ya kwanza ya mji wa kuongoza: mji wa mihuri. Mihuri haijawahi kuajiri mtaa mzima.

Karatasi ya 1965 na ndoto ya Mfaransa

Mwaka wa 1965 sirkal ya Kenya ilitoa karatasi inaitwa Sessional Paper Nambari 10. Wengi tumeisikia kwa siasa, wachache wameisoma. Ndani iko na wazo moja zito: pesa ya maendeleo iwekwe penye itazaa haraka. Penye kuna mvua, udongo mzuri, barabara, stima, na watu walio tayari kwa maendeleo. Hizo sehemu zikishanona, faida itasambazwa kwa wengine.

Sasa chukua hiyo orodha utembee nayo Wajir ya 1965. Mvua? Hapana. Barabara? Hapana. Stima? Wacha jokes. Yaani hupati barabara juu huna barabara. Ni kama kuambiwa hupewi kazi mpaka uwe na experience, na experience unaipata kazini. Kila kijana anayesoma hii anajua hiyo maumivu.

Hilo wazo halikuwa la Kenya peke yake. Miaka ya 1950 kulikuwa na mchumi Mfaransa, François Perroux, aliyesema ukuaji haushuki kila mahali kama mvua, unaanzia kwa nguzo fulani halafu unasambaa. Sirkal nyingi zikalipenda, juu linafanya mipango ikae rahisi: chukua ramani, chora nukta, mimina doo kwa nukta. Tanzania, kwa mpango wake wa miaka mitano ulioanza 1969, ilichagua miji tisa ya kupunguzia Dar es Salaam presha: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Mtwara, Mbeya, Morogoro, Dodoma na Tabora. Mwaka wa 1973 ikaongeza ya kwamba Dodoma itakuwa makao makuu ya nchi. Uganda nayo mwaka wa 2020 ilianza kupandisha miji kama Arua, Gulu, Mbarara, Jinja na Mbale kuwa majiji.

Angalia hiyo list ya Tanzania. Mwanza na Arusha zimeomoka vizuri, lakini Mwanza ina ziwa na samaki, Arusha ina watalii na mpaka. Dodoma ilitangazwa 1973, na serikali yenyewe ikaanza kuhamia kwa nguvu 2016. Zaidi ya miaka arobaini! Mtwara na Tabora zilipewa cheo kile kile na hazijawahi kufikia hizo zingine. Karatasi ilikuwa moja, matokeo tofauti. Kwa hivyo kuna kitu ingine nje ya karatasi.

Miji hakuna mtu aliichagua

Hapa ndipo story inanoga. Kama unataka kujua mji gani umeongoza uchumi wa watu wa North Eastern kwa miaka thelathini iliyopita, usiangalie Garissa wala Wajir. Angalia Eastleigh.

Miaka ya 90, Somalia ikiwa inaungua, watu na pesa walitafuta mahali pa kutua. Jengo moja la kulala wageni likageuka vyumba vya kuuzia nguo na redio. Jina lake? Garissa Lodge. Iko Nairobi lakini jina ni la kwetu. Kutoka hapo mall zikaota kama uyoga. Hakuna waziri aliyechora nukta Eastleigh. Kwa miaka mingi barabara zake zilikuwa matope ya magoti, na bado biashara ilisimama.

Kwa nini huko na si Garissa penyewe? Juu Nairobi kulikuwa na vitu vinne: stima, wateja, benki, na barabara ya kutoka bandarini. Mzee wa Wajir anauza ngamia, anatoa faida, anainunulia duka Eastleigh. Ngamia alikula nyasi ya Wajir, lakini kodi ya duka inalipwa Nairobi, na kijana anayeajiriwa kupanga mzigo anapanga mzigo Nairobi. Hata maziwa ya ngamia ya Isiolo, kila siku yanapanda gari kwenda kutafuta watu wa kuyanunua Eastleigh.

Mfano wa pili ni Dadaab. Kambi ilianza 1991 ikiwa imepangiwa watu kama 90,000. Ikifika 2011 walikuwa wanakaribia nusu milioni. Kwa sensa ya 2019, Garissa mjini ilikuwa na watu zaidi ya 160,000, Mandera zaidi ya 110,000, na Wajir karibu 90,000. Yaani mji mkubwa zaidi wa kanda yetu ulikuwa wa mahema, haukuwa kwa ndoto ya mtu yeyote, na watu wake hawakuruhusiwa kutoka kutafuta kazi. Soko zilichipuka hata hivyo.

Somo ni gani? Doo haisomi gazeti rasmi la sirkal. Inaenda penye inaeza kulala salama na kuamka imeongezeka.

Nukta ya Isiolo

Msee atasema, "Lakini zamani ni zamani, saa hii kuna mipango." Sawa. Vision 2030 ilizinduliwa 2008, na Isiolo ikatajwa kuwa mji wa kitalii wa baadaye. Mwaka wa 2012 Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi walisimama Lamu wakazindua LAPSSET: bandari, barabara, reli na bomba la mafuta, zote kupitia kaskazini. Isiolo ikawa katikati ya kila kitu, kwa ramani.

Airport ya Isiolo ilifunguliwa 2017. Iko, ni safi, lakini ndege zake ni za kuhesabu kwa vidole. Gati ya kwanza ya Lamu ilifunguliwa 2021. Reli? Bomba? Endelea kungoja.

Kitu moja kilienda mbio kabisa: bei ya ploti. Brokers walifika Isiolo kabla ya watalii. Hiyo ni sehemu ya kuteua miji hakuna mtu anatangaza kwa podium. Ukisema mji utakua, ardhi ya pembeni inapanda bei siku hiyo hiyo, na mwenye habari mapema ndiye anakula. Wajir, ardhi nyingi ni ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema ile haijasajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe. Sasa mpaka wa mji ukisogezwa, malisho ya ayeeyo yako yanageuka ploti ya mtu fulani, na wewe unasikia kwa WhatsApp. Kama jamii yenu haijasajili ardhi, hiyo ndiyo homework ya kwanza kabla ya fireworks.

Cheo kinapatikana vipi siku hizi

Sheria ya Miji na Majiji ya 2011, vile ilirekebishwa 2019, inasema mji uwe na watu 250,000 ndio uitwe jiji, na 50,000 uwe manispaa. Nakuru ilipata charter Desemba 2021. Eldoret Agosti 2024. Pamoja na Nairobi, Mombasa na Kisumu, majiji ni matano. Hakuna hata moja kaskazini.

Garissa kwa hesabu ya 2019 ilikuwa imebakisha karibu watu 87,000 kufika. Kwa manispaa, miji yetu yote mitatu ilishapita. Na manispaa si jina tu: kuanzia 2018 pesa za World Bank za kusaidia miji ziligawiwa kwa miji 59, na masharti yalikuwa mji uwe na charter, bodi na mpango. Hapo cheo kilileta kitu ya kushika.

Na tangu 2013, ugatuzi umevunja ile stori ya mji mmoja kubeba mkoa. Wajir ilianza kupata mgao wake yenyewe, na kufikia mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa umepita shilingi bilioni 9. Hiyo haikuwahi kutokea wakati wa Garissa ya mihuri. Sasa hatuezi kulaumu mkoloni kwa kila shimo. Mengine ni yetu, na majina ya waliopewa tenda yanajulikana.

Mji bila choo unaongoza nani?

Wacha tuwe honest kuhusu Wajir. Maji ya chini yako karibu sana na uso wa ardhi. Hiyo ndiyo baraka iliyotuleta hapa, visima vya mkono kila boma. Lakini ndiyo shida pia: ukichimba choo cha shimo, unachimba ndani ya maji unayokunywa. Kwa hivyo kwa miaka na miaka mji umetumia vyoo vya ndoo. Ndoo inajaa, mtu anakuja kuibeba. Hakuna mfumo wa majitaka, na kipindupindu kimetutembelea zaidi ya mara moja.

Stima nayo, kwa miaka mingi Wajir imeishi nje ya gridi ya taifa, ikitegemea jenereta za dizeli. Wakati huo Garissa, tangu Desemba 2019, iko na mtambo wa sola wa megawati 50 na ushee. Jua ni lile lile, watu ni wale wale.

Sasa rudisha ile picha ya Yacht Club. Mji ulipewa klabu ya mashua bila bahari. Tukipewa uwanja na barabara nne za lami, halafu ndoo zibaki, tutakuwa tumefanyiwa joke ile ile mara ya pili, tofauti ni ya kwamba safari hii tutapiga makofi.

Sisemi Madaraka Day ni mbaya. Tangu 2016 hizi sherehe zilipoanza kuzungushwa, zimeenda Nakuru, Nyeri, Meru, Narok, Kisumu, Embu, Bungoma, Homa Bay. Kila mahali watu wanapata uwanja na lami iliyokuwa imeahidiwa zamani. Na kwa mtu wa Wajir, kuona bendera ikipandishwa nyumbani si kitu ndogo. Watu wetu wamevukishwa vizuizi wakiulizwa kipande miaka yote. Ilikuwa mpaka Februari 2025 ndipo Rais, akiwa ziarani huku, alitangaza mwisho wa ile vetting ya ziada ya ID. Heshima ni maendeleo pia. Lakini heshima ya siku moja haijazi ajira.

Barabara ina pande mbili

Kitu kikubwa kuliko sherehe, kwa maoni yangu, ni ile barabara ya Isiolo, Modogashe, Wajir, Elwak, Rhamu hadi Mandera. Ni zaidi ya kilomita 700, na World Bank iliidhinisha dola milioni 750 mwaka wa 2020, pamoja na waya wa faiba.

Najua uzito wake kwa mwili wangu. Mwisho wa 2019, wakati wa ile mvua ya mafuriko, nilimsindikiza habaryar wangu kutoka Wajir kwenda kuonana na daktari wa macho Garissa. Basi ilikwama matope karibu na Habaswein. Tulilala ndani, watoto wanalia, mzee mmoja anagawa nyirinyiri kwa kila mtu kama harusi. Tukafika siku moja late, daktari ashaondoka mpaka wiki inayofuata. Jicho la kushoto halikurudi vizuri. Sitasema ni barabara peke yake, lakini mji wa kuongoza usiofikika msimu wa mvua hauongozi mtu, unamsubirisha tu.

Lakini barabara inabeba kwenda na kurudi. Ikiisha na Wajir haina cha kutengeneza, mbuzi atapanda lori akiwa hai mpaka Nairobi, achinjwe huko, ngozi ibaki huko, kazi ibaki huko. Sisi turudishiwe soda na simiti. Ndio maana wachumi wengine walimkosoa Perroux: nguzo inaeza kunyonya jirani badala ya kumlisha. Eastleigh imetunyonya kwa upole miaka thelathini, na hatukasiriki juu wenye maduka ni mabinamu.

Kwa hivyo Wajir ifanye nini?

Kwanza, tuache vita vya nani mkubwa. Garissa iko na chuo kikuu, hospitali na daraja. Mandera iko na mipaka miwili, Ethiopia na Somalia. Wajir iko katikati, na runwei yake ni kubwa, hadi kwa miaka ndege za kutoka Mogadishu zililazimishwa kutua hapa kukaguliwa kabla ya Nairobi. Tulikuwa kituo cha kupekua mizigo. Kwa nini tusiwe kituo cha kupakia nyama? Kila mji ushike kazi yake, halafu barabara ifunge.

Pili, kabla hujashangilia cheo chochote, uliza maswali matatu. Ndoo zinaisha mwaka gani? Stima ya kuendesha friji ya nyama usiku mzima inatoka wapi? Ardhi ya pembeni ya mji imesajiliwa kwa jina la nani? Mwanasiasa akijibu yote matatu kwa tarehe, mpigie makofi mpaka mikono iume. Akijibu kwa slogan, mwambie asante kwa kutembelea.

Nilimpigia binamu yangu juzi nikamuuliza kama biashara ya tuktuk imebadilika tangu matayarisho yaanze. Akasema wageni wengi, pesa kiasi, vumbi mob. Nikamuuliza, wakishaenda je?

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Wakishaenda, ndio tutajua kama walikuja kwetu ama walikuja kwa uwanja."

Wewe wa Garissa, Mandera, Wajir ama Eastleigh, unaonaje? Na usiniambie ati "tutaona." Tumeona tangu 1963.